Bluzi ya Khadidja

Kuna msomaji wa Kamenge amenitumia ujumbe: "Mama, unamlilia binti yako wakati ni wewe uliyemsukuma shimoni." Dada, ungesubiri kidogo. Leo ndipo nafika kwenye shimo lenyewe, na siji na mikono safi.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mwanangu anaitwa Murhula. Kule Bukavu alikuwa mkunga miaka minane. Majambazi walipomuua mume wake tulivuka mpaka wa Gatumba, mwaka ule wa mafuriko, na godoro moja kichwani na diploma yake ndani ya nailoni. Godoro lililowa. Diploma ilibaki kavu, na haikutusaidia kitu. Ofisini walimwambia karatasi ya ukunga ya Congo hawaitambui. Akitaka kushika mgonjwa Bujumbura, arudi darasani asomee uuguzi toka mwanzo.

Mwanamke mzima, mjane, akakaa benchi moja na wasichana wanaochora mioyo kwenye daftari. Hakulalamika. Mimi ndiye nililalamika.

Ndipo akatokea Marcellin, mwenye kliniki ndogo barabara ya Gatumba. Watu wanamwita docteur. Udaktari wake ni miwani. Kliniki ile ilipewa ruhusa kwa diploma ya muuguzi mmoja, Khadidja, na huyo Khadidja alishakwenda zake Omani. Marcellin hakumwambia mtu. Alibaki na bluzi yake nyeupe ya kazi, jina limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu, akamwambia Murhula: "Ukiwa humu, we ni Khadidja."

Murhula alikataa. Mimi mama yake nikamwambia: "Vaa. Jina ni nguo, likichafuka unavua."

Wazazi wenzangu, neno hilo lisitoke mdomoni mwenu hata kwa utani.

Wiki jana niliwasimulia habari za Saliha, mke wa Ilias, yule fundi magari wa Buyenzi. Alishikwa na uchungu mpakani akitoka msibani Uvira, wakamkimbiza kliniki kwa Marcellin. Mtoto alitoka kamba ya kitovu imemzunguka shingo, hana sauti, na mama anavuja damu. Murhula akawarudisha wote wawili. Saliha akasoma kilichoandikwa kifuani mwa aliyemwokoa, akampa mtoto jina hilo hilo, Khadidja. Na kwa Waislamu wa Buyenzi, mwenye jina lako ni somo wako, na somo ni ndugu, hakimbiwi.

Niliwaacha pale mama mkwe wa Saliha, Bibi Mwanvua, ameingia kliniki na mwaliko wa arobaini ya mtoto.

Arobaini ilikuwa Jumapili. Juri ya mwisho ya Murhula, kikao cha walimu cha kumpa diploma ya uuguzi baada ya jasho lote lile, ilikuwa Jumanne. Shikeni siku hizo mbili.

"Somo," Bibi Mwanvua alisema, "Jumapili ni we unamutoa mutoto nje. Kwetu mutoto wa arobaini anapita mulango mikononi mwa somo wake. Apana mutu mwingine."

"Bibi, Jumapili niko kazini."

"Kazini? Marcellin! We unamufanyisha mutoto wa Kiislamu kazi Ijumaa, Jumapili, siku zote? Huna Mungu?"

"Anatania, Bibi," Marcellin akasema huku anacheka. "Atakuja. Na mama yake atakuja."

Mimi sikuwapo. Murhula alinisimulia neno kwa neno akiwa anavua viatu, na kwa namna alivyovirusha ukutani nilijua hajafika mwisho. Bibi alipotoka tu, Murhula alimfuata Marcellin mpaka ofisini.

"Docteur, mi siendi."

"Unaenda."

"Ni Waislamu wale. Watanijua hata sijakaa kwenye mukeka."

"Funga kichwa, kula pilau, mubebe mutoto, rudi. Kuna kazi gani hapo?"

"Na wakiniuliza ukoo?"

"Sema wa Rumonge. Apana mutu atakwenda mpaka Rumonge kuuliza."

"Nimechoka, docteur. Jumanne niko na juri. Nikipata diploma yangu nitarudi hapa na jina langu, ama sirudi."

Marcellin akaweka kalamu chini. "Ama hurudi? Sikia, Madame Bukavu. Usipokwenda, ile bibi itakuja hapa kila juma kutafuta somo. Itauliza, itauliza, mpaka ifike kwa wenye kuuliza vizuri. Siku hiyo mi nitasema nini? Nitasema sikujua. Nilimuona mwanamuke amevaa bluzi. Nani alivaa? Ni mi?"

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema ili mkiyasikia kwa mtu mwingine myatambue. Mtu anayekupa jina la kuazima, lake amelificha kabatini limepigwa pasi.

Murhula alipomaliza kusimulia akaniambia: "Mama, kesho nakwenda Buyenzi. Nitamukalisha Bibi Mwanvua chini, nimuambie kweli yote, mi na yeye tu. Ni mutu mzima. Anaweza kukasirika, lakini hawezi kunitupa."

Alikuwa na haki. Leo najua. Ule ndio ulikuwa mlango, na mimi ndiye niliyeufunga.

"Mdomo wako uufunge mpaka Jumanne jioni," nikamwambia. "Ukishapata karatasi, nenda ukawaambie Buyenzi nzima na spika. Lakini siyo kabla."

"Mama, na nikishikwa?"

"Utashikwa na nani? Unakwenda kula pilau!"

Jumapili nilivaa kanga mbili za kuazima kwa jirani, nikavua rozari yangu, nikaifungia kwenye leso. Njiani tulifanya mazoezi. Wakisema asalam aleykum, jibu waaleykum salam. Wakiomba, inua mikono, funga mdomo. Murhula alikuwa ananifundisha mimi, maana yeye alishazoea kwa mwaka mmoja na nusu, na kila aliponifundisha uso wake ulizidi kukunjamana.

"Unaona aibu na mimi?" nikamuuliza.

"Naona aibu na sisi."

Nyumba ya Bibi Mwanvua ilijaa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, na rundo la viatu mlangoni lilinifika magotini. Walitukarimu mpaka nikatamani watutukane. Sisi ndio tulipewa mto wa kuegemea, sisi ndio tuliwekewa sahani kwanza.

"Mama Khadidja, mbona huli?" mwanamke mmoja mnene akanitania. "Ama Rumonge wanakula samaki wa ziwani peke yake?"

"Nakula, dada. Naacha nafasi."

"Acha nafasi ya maposo pia! Huyu somo hana bwana, nimeuliza. Tuko na kaka hapa nje, meno mawili ya dhahabu."

"Mawili ya dhahabu, na mengine?" Bibi Mwanvua akauliza.

"Mengine hayapo, Bibi, ndiyo maana anatafuta muuguzi."

Wakacheka, hata Murhula akacheka. Nikasema moyoni, basi, imepita. Tunakula, tunabeba mtoto, tunakwenda.

Hapo akaingia mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Mumesoma maulidi bila mimi?"

"Maulidi imesomwa, wifi. Pilau ndiyo ilikukataa, ikasema inakungojea," Bibi Mwanvua akasema.

Mkono wa Murhula ulisimama juu ya sahani. Punje za wali zikawa zinadondoka moja moja.

"Nani yule?" nikamnong'oneza.

"Madame Hayat. Mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa uuguzi, Mama! Yuko kwenye juri!"

Bujumbura hii ni kubwa ukitafuta kazi, ni ndogo ukificha kitu. Hayat alikuwa dada wa marehemu mume wa Bibi Mwanvua, shangazi wa Ilias kabisa. Akapita anawapa wanawake mkono, mmoja mmoja, mpaka akafika mbele yetu.

"Wifi, ndiye huyu," Bibi Mwanvua akasema kwa sauti ya kujivuna. "Somo wa mutoto wetu. Khadidja. Mikono yake ndiyo ilimutoa mutoto kaburini."

Hayat akavaa miwani. Murhula alikuwa anaangalia mkeka.

"Khadidja," Hayat akasema taratibu, kama mtu anaonja chumvi. "Mashallah. Wa wapi?"

"Wa Rumonge," Bibi Mwanvua akatujibia.

"Rumonge. Kumbe."

Akakaa mbele yetu kabisa. Akavuta sahani. Hakula.

"Mama, tuondoke," Murhula akaniambia bila kutikisa midomo. "Sasa hivi. Sema unaumwa tumbo."

Nilishafungua mdomo kuugua, Saliha akatoka chumbani amembeba mtoto. Alikuwa amejipamba, hina mpaka kwenye viwiko, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza anatoka toka azae. Akaja moja kwa moja, akamweka mtoto mikononi mwa Murhula, akambusu mkono. Wanawake wakapiga vigelegele. Murhula afanye nini? Akasimama, akampitisha mtoto mlangoni, akamwonyesha jua, akamrudisha. Machozi yalikuwa yanamtoka, na watu wakadhani ni furaha.

"Sasa bibi wake wa pili," Bibi Mwanvua akasema. "Mama wa somo amubebe, amuombee dua."

Wakanipa mtoto.

Sikilizeni. Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu nilikoishi, kila mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu aliletwa mikononi mwangu, na kila mmoja nilimfanyia kitu kile kile, miaka arobaini. Kichwa changu kilijua niko wapi. Mkono haukujua. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye paji la uso wa mtoto. Kikashuka, kikapita kushoto, kikapita kulia. Na mdomo ukafuata: "Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Nilijishika kabla sijafika kwa Roho Mtakatifu. Nilikuwa nimechelewa.

Vigelegele vilikatika kama umeme wa mji huu.

"Amemufanya nini mutoto?"

"Amemubatiza!"

"Anabatizwaje bila maji, we nawe?"

"Umeona msalaba au hukuona?"

Ilias akaingia kutoka nje, mikono bado ina mafuta ya gari ambayo hayatoki hata siku ya sherehe. "Nani amebatiza mutoto wangu?"

Bibi Mwanvua alimchukua mtoto mikononi mwangu polepole, kama mtu anachukua kisu kwa mtoto mdogo. Akaniangalia.

"Mama Khadidja, we ni dini gani?"

Nikajibu: "Mi ni wa Rumonge."

Kuna mwanamke alicheka pale nyuma. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nakunja ngumi.

Murhula akasimama. "Bibi, umuache mama. Mi siitwi Khadidja. Naitwa Murhula, natoka Bukavu, nasali kwa wakatoliki. Khadidja mwenyewe yuko Omani, mi simujui hata sura. Bluzi ni yake. Marcellin alinipa nivae."

Nilitegemea nitatukanwa dini yangu. Ningejua kujibu. Lakini Bibi Mwanvua alisema hivi: "Ukristo wenu haunisumbui. Nimezaliwa Buyenzi hii, nimenyonyeshwa na jirani mkristo. Mulikula chumvi yangu mukiwa munanidanganya. Hiyo ndiyo inanichoma."

"Nimemuita mutoto wangu jina la mutu ambaye hatujapata kumuona!" Ilias alikuwa anapiga kelele. "Somo wake ni nani sasa? Eh? Ni bluzi? Mutoto wangu ni somo wa bluzi?"

"Ilias, punguza sauti," Hayat akasema. Hayat alikuwa bado amekaa. "Murhula. Toka lini?"

"Mwaka moja na nusu, Madame."

"Nani alikuambia ukubali?"

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Niandike mimi! Nilimlazimisha!"

"Mama, nyamaza. Huyu ana miaka thelathini na mitano, si mtoto wa kuvalishwa." Hayat hakunitazama hata. "Murhula, unasinzia darasani kwangu, mstari wa mbele. Nilikuhurumia. Niliwaambia wenzangu, huyu mwanamke amezeeka lakini ana moyo, tumvumilie. Kumbe unatoka kuchoma watu sindano kwa jina la mtu aliyeko Omani! Mgonjwa akikufia, nani amemuua? Polisi watamfunga nani? Khadidja?"

"Hajanifia mutu, Madame."

"Bado!"

Hapo ndipo mwanangu alipolipuka. Miaka yote tuliyokaa Bujumbura sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mwenye cheo.

"Madame, nilileta diploma yangu kwenu! Niliileta kavu kutoka ndani ya maji ya Gatumba! Kila ofisi niliambiwa rudi Alhamisi. Nilizalisha watoto miaka minane, mukanipeleka darasani kufundishwa kunawa mikono. Nikanawa! Nikafanya staji hospitalini, nikasafisha choo za wodi, wasichana wa miaka ishirini wakaniita 'mama Congo, leta ndoo'. Nikaleta! Mutu moja peke yake katika mji huu alisoma diploma yangu na kuamini iliyoandikwa, na huyo mutu ni Marcellin. Aliisoma kama mwizi anavyosoma kufuli. Lakini alisoma! Nyinyi wenye haki mulikuwa wapi?"

Hayat aliivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa tena. Nilidhani amelainika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sijaamua nitasema nini Jumanne. Unayosema yana ukweli, na uliyoyafanya ni kosa, na sijui kipi ni kizito. Lakini nisikilize vizuri. Toka dakika hii mpaka upate diploma yako, ukigusa mgonjwa mmoja tu nje ya shule, nitasimama mimi mwenyewe mbele ya juri niseme nilichokiona leo. Hutashika hata kipimo cha homa katika Burundi hii."

Mimi nilishukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru. Niliona mlango umebaki wazi upana wa kidole. Akae siku mbili, mikono mfukoni, labda mwalimu atanyamaza. Siku mbili tu! Nani anashindwa kukaa siku mbili?

Simu ya Murhula ikalia.

Aliitazama, akatutazama, akabonyeza spika ili kila mtu asikie.

"Khadidja! Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Marcellin, inapanda na kushuka. "Kuja mbio. Kuna mama hapa amezalia njiani, mutoto ametoka, kondo ya nyuma imekatala kutoka. Damu, Khadidja. Damu ni nyingi."

"Mupeleke hospitali."

"Na nini? Ambulansi haina mafuta, taksi zote ziko kwenye foleni ya petroli toka juzi! Kuja!"

"Anaongea?"

"Alikuwa anaongea. Sasa ananiangalia tu."

Hayat akanyoosha mkono, akachukua simu. "Docteur Marcellin. Hapa ni mwalimu Hayat wa shule ya wauguzi. Huyo mama amebaki na nani?"

Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

"Amekimbia," Murhula akasema. "Namujua. Akisikia jina la mutu wa serikali anapanda gari. Huyo mama amebaki na mufagiaji."

"Kwa hiyo ana gari," Bibi Mwanvua akasema polepole. "Ana gari, na anamuacha."

Murhula alikuwa ameshafika mlangoni, mguu mmoja ndani ya kiatu.

"Murhula," Hayat akamwita. "Nimesema nini sasa hivi?"

"Nimesikia, Madame."

"Na unakwenda?"

"Placenta ikikatala, saa moja ni nyingi. Nahesabu dakika, Madame, sihesabu Jumanne."

Hapa wasomaji wangu ningeweza kuruka. Hakuna angejua, waliokuwepo hawasomi gazeti hili. Lakini niliahidi kuandika ili mzazi mwingine asije akafika nilipofika. Nilimrukia mwanangu, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, na chumba kizima kikasikia:

"Muache afe. Si wako."

Murhula alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia kwa lugha usiyoijua. Akautoa mkono wake kwenye mikono yangu, kidole kimoja kimoja.

Nilipogeuka, Saliha alikuwa nyuma yangu na mtoto wake. Alikuwa amesikia. Sasa yeye pia alinijua.

"Ilias," akasema, "leta gari."

"Nimupeleke muongo? Gari yangu?"

"Leta gari."

"Saliha, hawa watu wametufanya wajinga mbele ya mutaa muzima!"

"Siku ile nilikuwa nalala kwenye damu yangu, na we uko umesimama mulangoni unalia. Ulimuuliza jina?"

Ilias akatoka nje anatukana, anatukana Marcellin, anatukana mafuta, anatutukana sisi, lakini alitoka, na muda si muda tukasikia injini inakohoa. Fundi hakosi kidumu cha mafuta cha kutoka Uvira. Murhula akakimbia, kiatu kimoja bado mkononi, ushungi umeanguka njiani, hakuurudia.

Ndani wanawake wote walikuwa wanamtazama Hayat.

Hayat alisimama. Akakunja mtandio wake vizuri, akaenda mlangoni, akainama juu ya rundo la viatu vya wageni, akaanza kuvipekua. Nilimfuata.

"Madame, nakuomba. Unakwenda kumsaidia au unakwenda kukusanya ushahidi juu yake?"

Nje Ilias alipiga honi.

Hayat alipata kiatu kimoja, akakivaa. Akaendelea kutafuta cha pili.